Kabla hujaapa, uliza kiti

Mzee aliingia na bahasha ya kaki kwapani, akavua kofia, akaketi kwenye kile kiti chetu kinachoyumba. "Mama Neema, nimeambiwa wewe unajua kuandika hizi za kuapa. Kuna mtu nataka kumzuia asiingie ile tume ya majaji."

Ilikuwa asubuhi mapema, mashine ya kopi haijapata moto. Sikumuuliza mengi. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika HATI YA KIAPO katikati kwa herufi nene, tukaanza. Zilitoka kurasa nne safi. Alilipa, akapanda ghorofa ya pili kwa wakili anayeapisha watu, akatia sahihi, akagongewa muhuri, halafu akateremka kwa miguu kutoka Upper Hill hadi Bungeni. Saa nane mchana alikuwa amerudi na karatasi zilezile, jasho linamtiririka.

Hakuna aliyemkosea huko. Alielezwa kwa heshima kwamba mtu anayempinga amechaguliwa kwa kura na mawakili wenzake, na jina lake haliko mbele ya kamati yoyote ya Bunge. Kosa lilikuwa langu. Nimechapa hati za viapo karibu na Mahakama za Milimani hapa Nairobi kwa miaka kumi na minne, na bado sikuwa nimemuuliza swali la kwanza kabisa: huyo mtu anaingia kwa kiti gani? Nilimrudishia pesa za kuchapa. Za kiapo zilikuwa zimeshakwenda na muhuri.

Haya ninayoandika ni yale niliyopaswa kumwambia mzee kabla sijagusa kibodi. Ni ya mtu anayetaka kujua makamishna wa Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunayoiita JSC, wanapatikanaje, na ya mtu ambaye ana neno juu ya mmoja wao na anataka neno hilo lifike mahali litakaposikilizwa.

Tume yenyewe si ya mchezo. Ndiyo inayompendekezea Rais majina ya majaji. Ndiyo inayowaajiri mahakimu, kupokea malalamiko juu yao na kuwaadhibu. Ukitaka jaji aondolewe kazini, ombi lako linapitia kwake kwanza. Kwa hiyo ukiona watu wanavutana juu ya nani aketi humo, usidhani wanagombania chai na mandazi ya mkutano.

Anza na Kifungu cha 171 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kama huna bando, nenda saiba yoyote wakutolee ukurasa huo mmoja, usikubali kuuziwa kitabu kizima. Utakuta humo watu kumi na mmoja. Chukua kalamu na uwagawe mwenyewe pembeni mwa ukurasa, kwa sababu Katiba imewapanga kwa herufi tu, na herufi hazikwambii nani aliletwa na nani. Mimi huwagawa hivi: wawili wameletwa na vyeo vyao, sita wamepigiwa kura na wenzao, mmoja ametolewa na tume nyingine, na wawili ni wa wananchi. Jumlisha, utapata kumi na mmoja.

Wa vyeo ni Jaji Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti, na Mwanasheria Mkuu. Hawa hawachaguliwi kuingia tume. Siku anapoapishwa kuwa Jaji Mkuu, kiti cha mwenyekiti kinamngoja, na anakikalia mpaka atakapoacha ujaji mkuu. Mwanasheria Mkuu vilevile. Ile miaka mitano ya wengine haiwahusu. Kwa hiyo ukitaka kumpinga mmoja wao, mpinge mlangoni, wakati anateuliwa kwa cheo chake, maana wote wawili lazima waidhinishwe na Bunge la Taifa. Akishaingia ofisini umechelewa.

Hapa kuna mzunguko ambao wateja wangu huucheka. Jaji Mkuu ni mwenyekiti wa tume, na tume hiyohiyo ndiyo inayopendekeza nani awe Jaji Mkuu. Sasa kiti kikiwa wazi, nani anaongoza usaili? Aprili 2021, David Maraga alipokuwa amestaafu, watu kumi walihojiwa mmoja baada ya mwingine hadharani, televisheni zikionyesha moja kwa moja. Aliyekaa katikati ya meza akiongoza hakuwa jaji wala wakili. Alikuwa Profesa Olive Mugenda, aliyewahi kuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na humo tumeni alikuwa mmoja wa wale wawili wa wananchi. Tulikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati. Kuna mteja alikuja kupiga kopi ya kitambulisho, akasimama akitazama mpaka chakula cha mchana, na kopi akaisahau. Usaili ule ndio uliomtoa Martha Koome, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Tangu hapo mtu akiniambia wale wawili wa wananchi ni wa kujaza viti, namkumbusha ile meza.

Sita wa kura ndio waliomponza mzee wangu, kwa hiyo niende nao polepole.

Mmoja huchaguliwa na majaji wa Mahakama ya Juu. Mahakama hiyo ikiwa imetimia ina majaji saba, Jaji Mkuu akiwemo. Ni uchaguzi wa kura saba. Chama chetu cha kuzikana hapa plotini kina wapiga kura wengi kuliko huo. Wa pili huchaguliwa na majaji wa Mahakama ya Rufaa. Kisha kuna jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, ambao huchaguliwa na chama cha majaji na mahakimu, na hapa Katiba imetia kufuli ya jinsia: mmoja wao awe mwanamke na mwingine mwanamume.

Kufuli hiyo inafanya kazi kwa njia ambayo mtu hawezi kuiona mpaka kiti kimoja kiwe wazi peke yake. Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alifariki Julai 2024 akiwa kamishna. Hakimu aliyekuwa akihudumu naye alikuwa mwanamke, Everlyne Olwande. Basi aliyeziba pengo ilibidi atoke Mahakama Kuu na awe mwanamume, na aliyechaguliwa ni Jaji Anthony Mrima. Jaji wa kike, hata angekuwa hodari namna gani, mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu tu hakimu aliyebaki ni mwanamke mwenzake. Mimi naona sheria ile ilikusudiwa vizuri, lakini matokeo yake ni kwamba upande mmoja ukizoea kuleta wanaume na mwingine wanawake, mazoea hayo yanajilinda yenyewe. Ili yageuke, viti vyote viwili vinapaswa kuwa wazi pamoja.

Wawili wa mwisho wa kura ni mawakili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja awe na uzoefu usiopungua miaka kumi na mitano, na huchaguliwa na wanachama wa Chama cha Mawakili, LSK. Hawa ndio wenye kampeni za kelele. Msimu wao ukifika sisi huku Upper Hill tunajua kabla ya magazeti, kwa sababu wanakuja kuchapisha kadi, mabango na vile vijitabu vya kung'aa. Wakili anayegombea atakusalimia hata wewe usiye na kura, halafu akukumbushe kumsalimia bosi wa ofisi ya jirani.

Mtu wa kura akishachaguliwa, je, anapelekwa Bungeni kupigwa msasa? Swali hili lilifika kortini. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Rufaa walimchagua Jaji Mohammed Warsame awawakilishe. Jina lake likapelekwa Bunge la Taifa ili ahojiwe. Waliotaka ahojiwe walishika Kifungu cha 250, kinachosema wanachama wa tume za kikatiba waidhinishwe na Bunge na wateuliwe na Rais. Waliopinga walishika Kifungu cha 171, wakisema idhini ya Bunge imetajwa humo kwa wale wawili wa wananchi tu, na wengine wamepewa njia yao. Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba aliyechaguliwa na wenzake hahitaji kupigwa msasa na Bunge. Mimi nakubaliana na uamuzi huo, ingawa unaninyima wateja. Kama wabunge wangeweza kumkataa mtu ambaye majaji wamemchagua, kura ya majaji ingekuwa maoni tu.

Kwa hiyo ukiwa na neno juu ya mgombea wa kura, neno hilo lipeleke kwa mwenye kura kabla hajapiga. Kwa viti vya majaji huna la kufanya. Kwa viti vya LSK unayo njia ndogo lakini ya kweli: wakili aliyewahi kukushughulikia kesi ana kura, na mawakili ni watu wa kusoma. Mpe nakala za karatasi zako, usimpe hasira zako. Mzee wangu angefanya hivyo miezi miwili mapema, pengine karatasi zake zingezunguka kwenye simu za mawakili wote wa Nairobi.

Yule mmoja wa tume nyingine ni anayeteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Ofisi zao ziko Commission House, kando ya Harambee Avenue. Katiba imempa mstari mmoja, na mimi pia nitampa huohuo.

Sasa wawili wa wananchi. Mwanamke mmoja, mwanamume mmoja, wasiwe wanasheria, wanateuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kila mwezi hakosekani mtu wa kuniuliza kama anaweza kuomba kiti hiki. Nikimuuliza barua ataipeleka wapi, ananyamaza, na hana kosa: Kifungu cha 171 hakisemi uombe wapi wala kwa nani. Kinasema tu nani anateua na nani anaidhinisha. Kwa hiyo kwa mtu wa kawaida kiti hiki ni rahisi zaidi kukilinda kuliko kukikalia.

Binamu yangu anaishi Sacramento, California, na siku moja tulibishana kwa simu kuhusu jambo hili mpaka akaishiwa na chaji. Kwao kuna tume inayosimamia nidhamu ya majaji wa jimbo, iliyoanza mwaka 1960, ya kwanza ya aina yake Marekani. Nayo ina watu kumi na mmoja kama yetu. Lakini angalia walivyogawana: majaji watatu, wanaoteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo; mawakili wawili, wanaoteuliwa na gavana; na wananchi wa kawaida sita, ambao wawili wanateuliwa na gavana, wawili na kamati ya seneti ya jimbo, na wawili na spika wa bunge la jimbo. Mpaka 1994 wananchi hawakuwa wengi hivyo. Walioongeza ni wapiga kura wenyewe, katika kura ya maoni ya mwaka huo. Sita kati ya kumi na mmoja! Sisi tuna wawili, na wote wawili wametoka mkono mmoja. Tume yao haiajiri mahakimu wala haipendekezi majaji kama yetu, kwa hiyo sisemi tuinakili. Nasema tu kwamba wakituambia wawili wanatosha, tujue kuna mahali walihesabu tofauti.

Basi tuseme kiti ni cha wananchi, au ni cha Jaji Mkuu au Mwanasheria Mkuu, na jina limepelekwa Bungeni. Sasa ndipo unafungua ukurasa mpya na kuandika HATI YA KIAPO. Sheria inayokulinda ni ile namba 33 ya mwaka 2011, inayosimamia jinsi Bunge linavyoidhinisha walioteuliwa. Inampa mtu yeyote ruhusa ya kumpelekea Karani wa Bunge la Taifa ushahidi wa maandishi, ulioapiwa, kwamba mteuliwa hafai. Zingatia neno ulioapiwa. Barua ya malalamiko, hata iwe ndefu na ya machozi, si kiapo. Zinakuja nyingi hapa zimeandikwa vizuri kwa mkono, nami huwaambia wenyewe: hii tutaigeuza.

Kugeuza ndiko kwenye kazi. Nikuonyeshe. Mama mmoja aliniletea mstari huu: "Huyu mtu ni mwizi na kila mtu mtaani anajua." Mstari huo hauwezi kuapiwa, kwa sababu huwezi kuapa kwa niaba ya mtaa. Nilimuuliza, wewe mwenyewe uliona nini? Akanyamaza kidogo, halafu akasema alikuwa mweka hazina wa chama chao cha akiba na yule mtu alikuwa mwenyekiti. Uliona nini ukiwa mweka hazina? Hundi. Hundi ya nini, ya lini, unayo nakala? Alikuwa nayo, kwenye kimfuko cha plastiki ndani ya pochi. Tukaandika:

"Kwamba nilikuwa mweka hazina wa chama hicho tangu Januari hadi Desemba mwaka huo, na mteuliwa alikuwa mwenyekiti. Kwamba hundi iliyoambatishwa hapa na kutiwa alama JWM 1 ilitiwa sahihi na mteuliwa bila kikao chochote cha kamati, na mimi sikuombwa kuitia sahihi ingawa katiba ya chama ilihitaji sahihi zetu sote wawili."

Neno mwizi halimo. Mwache mbunge alitamke mwenyewe akimaliza kusoma.

Mpango wa hati ni huu. Juu, jina la anayepelekewa na jina la mteuliwa pamoja na kiti anachoteuliwa. Halafu: "Mimi, fulani, mkazi wa mahali fulani, naapa na kusema hivi." Aya ziwe na namba, kila aya ianze na "Kwamba", na kila aya iwe na jambo moja. Unayoyajua kwa macho yako yaandike kama unayoyajua. Uliyoambiwa, taja uliyeambiwa naye. Mwisho uandike mahali na tarehe ya kuapa, na uache nafasi ya sahihi yako na ya kamishna wa viapo, yaani yule wakili anayeapisha watu. Usitie sahihi nyumbani! Watu hufika kwa wakili wamekwisha kutia, wakili mwangalifu anawarudisha, na mimi nachapa upya ukurasa wa mwisho. Sahihi inatiwa mbele yake baada ya kula kiapo. Kila kiambatisho kigongwe muhuri wake na kitiwe alama, kwa herufi za majina yako na namba, kama JWM 1, JWM 2. Na ukiapa uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo aya ambayo roho yako inasitasita nayo, itoe.

Lugha je? Wengi huniomba niwatafsirie kwa Kiingereza kwa kuogopa kwamba Kiswahili kitaonekana cha sokoni. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Andika kwa lugha ambayo ukiulizwa aya ya saba utaieleza bila kigugumizi. Nimeona mtu akiapa kwa Kiingereza cha mtu mwingine, na alipoulizwa neno moja tu lililokuwa ndani ya hati yake mwenyewe, akawa hana pa kushika.

Siku zinakimbia kuliko unavyodhani. Kamati hutangaza mahali na saa ya kumhoji mteuliwa angalau siku saba kabla, kwenye magazeti na tovuti ya Bunge. Kwa tume hii kazi kwa kawaida huiangukia Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria. Tangazo husema siku na saa ya mwisho ya kupokea hati. Saa hiyo ni saa kweli. Kata tangazo, libandike mahali unapoweka funguo. Kamati inapaswa kupeleka ripoti yake Bungeni ndani ya siku 28 tangu jina lilipowasilishwa, na muda ukiisha bila Bunge kukubali wala kukataa, sheria inamhesabu mteuliwa kuwa ameidhinishwa. Wengi hawaijui hiyo. Wanadhani Bunge likinyamaza jina limekufa, kumbe limepita.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Mtu wa dawati akikwambia hakuna haja ya muhuri, ngoja kwa adabu mpaka haja ipatikane. Beba kitambulisho, na usibebe kisu cha kumenyea matunda kama yule mama wa kimfuko cha plastiki, aliyekwama langoni akieleza kwamba hicho ni cha maembe.

Usaili uko wazi kwa umma, na ningekushauri uende hata kama hukuandika kitu. Mteuliwa huulizwa kuhusu elimu yake, kazi alizofanya, kodi, migongano ya maslahi, na kile ambacho hufanya chumba kizima kiinue shingo: ana mali ya thamani gani. Wabunge wanaangalia pia njia iliyotumika kumpata na kama anatimiza masharti ya Katiba. Hati zako zikiwa nzuri, utasikia maswali yanaanza kufanana na aya zako. Mteuliwa anapewa nafasi ya kujibu, na ajibu, ndiyo haki. Mama wa hundi alirudi akanisimulia jinsi namba ya hundi yake ilivyosomwa kwa sauti, tarakimu moja moja. Hakunieleza kura iliendaje. Alinieleza namba tu, mara tatu.

Bunge likikubali, Rais anateua na jina linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na wakati mwingine katikati ya wiki kwa toleo maalumu. Kenya Law wanaliweka bure. Bunge likikataa, Rais anaweza kupeleka jina jingine, na saa inaanza upya. Ukiliona jina kwenye gazeti, andika tarehe. Makamishna wote isipokuwa wale wawili wa vyeo wana miaka mitano, na wanaweza kuteuliwa tena mara moja tu. Mimi ninayo kalenda ya benki ukutani ambayo kazi yake ni hiyo, tarehe za viti na miaka mitano mbele yake. Kiti kikikaribia kuisha, wewe unakuwa umeshatayarisha karatasi zako huku wengine wakisubiri tangazo.

Na kama umechelewa kabisa, mtu yuko ndani na ni mtu wa kura? Kifungu cha 251. Unapeleka ombi Bunge la Taifa, ukieleza sababu mojawapo kati ya zilizoorodheshwa humo: kuvunja vibaya Katiba au sheria nyingine, utovu mkubwa wa nidhamu, kutoweza kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili, kukosa uwezo wa kazi, au kufilisika. Bunge likiridhika linampelekea Rais, naye anaunda jopo la kuchunguza. Njia hii ni nzito, na imewahi kutumiwa kwa nguvu: Novemba 2013 Rais Uhuru Kenyatta aliwasimamisha makamishna sita kwa mpigo, baada ya ombi kupelekwa Bungeni, na Mahakama Kuu ikaingilia kati. Usiianze kwa sababu ya kesi ya shamba uliyoshindwa. Kesi ya shamba ina rufaa yake, na rufaa nayo ina siku zake.

Mzee wa bahasha ya kaki alirudi kwangu miezi kadhaa baadaye, na gazeti limekunjwa kwenye ukurasa wa matangazo. Hakuketi. "Mama Neema, huyu ni wa kiti gani?" Tukasoma pamoja, kidole chake kikitangulia. Ilikuwa nafasi ya umma ya tume nyingine kabisa, lakini njia ni ileile: kuteuliwa, kuhojiwa, kuidhinishwa. "Kwa hiyo huyu naweza kuapa juu yake?"

"Unaweza, mzee wangu. Unajua nini juu yake?"

Aliliangalia jina kwa muda mrefu, akavaa kofia. "Huyu simjui," akasema. Akanunua kopi ya Kifungu cha 171, shilingi kumi, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.